Ufadhili wa Masomo ya Teknolojia: Wa Kweli Haukuombi Pesa ya Usajili

"Hongera! Mtoto wako amechaguliwa kusomea kompyuta bila malipo. Tuma shilingi 1,500 za usajili kabla ya saa sita usiku, la sivyo nafasi atapewa mwingine."

Ujumbe kama huu ukiingia wakati mtoto amekaa nyumbani tangu amalize Form Four, mkono huwa mwepesi kutuma. Shida ni kwamba nafasi za kweli zipo, na walaghai wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana ni muhimu kuelewa jinsi mipango hii inavyofanya kazi. Ukiielewa, ule wa uongo utaugundua mapema.

Kwa nini kampuni imsomeshe mtoto wako?

Kampuni nyingi kubwa hutenga sehemu ya faida yake kusaidia jamii, mara nyingi kupitia wakfu. Lakini si huruma tu. Kampuni ya simu, benki au ya vifaa vya mtandao inahitaji mafundi, waandishi wa programu na watu wa kulinda mifumo yake. Wasipoandaliwa leo, kesho itawatoa wapi?

Kwa hivyo gharama ya kumwandaa mwanafunzi inabebwa na mfadhili. Hilo ndilo jambo kuu la kushika: pesa zinatoka kwa mfadhili kuja kwa mwanafunzi, wala si kinyume chake.

Mifano unayoweza kuifuatilia

*Ufadhili wa shule.* M-Pesa Foundation Academy iliyoko Thika ilifunguliwa mwaka 2016. Ni shule ya bweni inayochukua wanafunzi werevu kutoka familia zisizojiweza, katika kaunti zote 47, na teknolojia ni sehemu ya masomo yao ya kila siku. Nao mpango wa Wings to Fly wa Wakfu wa Equity, ulioanza mwaka 2010 pamoja na Mastercard Foundation, hulipia wanafunzi wa sekondari. Huo si wa teknolojia pekee, lakini bila sekondari safari ya teknolojia haianzi.

*Kozi fupi.* Cisco Networking Academy, iliyoanzishwa mwaka 1997, ina kozi za mtandao na usalama wa kompyuta, na nyingi za zile za kuanzia unazisoma bure mtandaoni. Mpango wa Ajira Digital, wa serikali na washirika wa sekta binafsi, unafundisha vijana kufanya kazi za mtandaoni, na mafunzo yake ni ya bure.

Bure, lakini jipange

Tusidanganyane: hata kozi ya bure ina gharama zake. Kuna nauli ya kwenda darasani, data ya kusomea na kompyuta ya kufanyia mazoezi. Vyeti vingine vina mtihani unaolipiwa kando. Kwa mfano, mtihani wa CCNA wa Cisco hulipiwa hata kama masomo yenyewe uliyapata bure.

Kabla ya kukubali nafasi, uliza: Nani analipia malazi na chakula? Kuna kompyuta za kutumia au mtoto aje na yake? Baada ya kozi kuna nafasi ya kujifunza kazini? Cheti peke yake hakiajiri mtu. Mwajiri anataka kuona kitu ambacho kijana ametengeneza kwa mikono yake.

Pia tofautisha ufadhili na chuo cha kulipia. Chuo cha kibinafsi kikiomba karo, hiyo ni biashara halali. Tatizo ni pale mtu anapokuambia kila kitu kimelipiwa, halafu anakuomba utume kitu kidogo ndipo afungue faili.

Kabla hujatuma hata shilingi

1. Usitumie kiungo wala nambari iliyo kwenye ujumbe. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni, au tembelea tawi lililo karibu nawe.
2. Angalia jina linalotokea kwa simu kabla ya kuthibitisha malipo. Kama ni jina la mtu binafsi, simama hapo. Lakini Paybill nayo si hakikisho: hata mlaghai anaweza kukupa nambari ya biashara.
3. Jiulize: mtoto aliomba nafasi hii? Huwezi kuchaguliwa mahali ambapo hukuomba.
4. Usimpe mtu yeyote PIN yako. Mfadhili akitaka kukutumia pesa, anahitaji nambari ya simu tu.
5. Ukiombwa nakala ya kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, uliza ni ya kazi gani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua.
6. Ukiharakishwa, punguza mwendo. Mpango wa kweli una tarehe ya mwisho iliyotangazwa kwa wote, si ya usiku wa leo kwako peke yako.

Na kama ushatuma?

Usione aibu, na usingoje asubuhi. Kama unatumia M-Pesa, sambaza ujumbe wote wa malipo hayo kwa 456 kuomba pesa zirudishwe. Fanya hivyo mara moja, kwa sababu mlaghai akishazitoa, kuzirudisha huwa vigumu. Wateja wa Safaricom wanaweza pia kuripoti ujumbe wa ulaghai kwa kuutuma 333. Kwenye mitandao mingine, piga simu kwa huduma kwa wateja. Kisha nenda kituo cha polisi upewe nambari ya OB, na usifute ujumbe wowote: huo ndio ushahidi wako.

Halafu mwambie kijana asikate tamaa. Zile 1,500 zingenunua data ya kusomea kozi ya bure kwa wiki kadhaa. Nafasi ya kweli bado ipo, na kuiomba ni bure.