Waranti ya Nyongeza Haisafishi Chujio

Mpunga ukishauzwa na mvua za Novemba zikikaribia, watu wa Bonde la Kilombero huanza kununua matrekta, na swali huwa ni lilelile: "Injinia, nilipie ile waranti ya nyongeza au niiache?" Naulizwa Ifakara mjini, naulizwa Mlimba, na ng'ambo ya daraja la Mto Kilombero naulizwa Lupiro na Malinyi. Anayeuliza ameshika karatasi ya bei yenye mistari miwili ya ziada chini. Mmoja ni waranti ya kuongeza mwaka mmoja au miwili juu ya ile ya kiwandani. Mwingine ni kifurushi cha huduma: unalipa leo, mafundi wa kampuni waje kubadilisha oili na machujio kwa muda mliokubaliana. Anataka ndiyo au hapana. Simpi, kwa sababu swali lake limejengwa juu ya imani isiyo ya kweli, na imani hiyo imekwisha kuua injini nyingi kuliko kasoro zote za viwandani nilizowahi kuziona.

Imani yenyewe ni hii: waranti ni bima ya injini. "Ikifa ndani ya miaka mitatu, watanipa nyingine." Nimeisikia kwa wakulima, kwa madereva, na kwa baadhi ya wauzaji ambao wanajua fika kwamba si kweli.

Waranti inaahidi jambo moja tu. Kipuri kikithibitika kwamba kilitoka kiwandani na kasoro ya chuma chake au ya kufungwa kwake, kitabadilishwa. Klachi kuisha, breki, mikanda, nozeli, matairi, betri na machujio vimo kwenye orodha ya vitu visivyohusika, na orodha hiyo kwa kawaida ni ndefu kuliko ile ya vinavyohusika. Chini yake kuna sentensi ambayo hakuna anayeisoma dukani: waranti haihusu uharibifu utokanao na vumbi, maji, mafuta machafu, kuchemsha, au kutofanyiwa huduma kwa wakati. Sasa niambie, ndugu msomaji, katika Bonde la Kilombero injini hufa kwa nini kingine?

Tazama pia wakati. Kasoro ya kiwandani haina subira. Beringi iliyopachikwa vibaya au gasketi iliyobanwa upande hujitokeza mapema, mashine inapoanza kubeba mzigo. Wahandisi wakichora mkondo wa kuharibika kwa mashine, unatoka kama karai lililokatwa katikati: uko juu mwanzoni, unashuka, unatulia chini kwa muda mrefu, kisha unapanda tena uchakavu unapoingia. Waranti ya kiwandani, ambayo kwa matrekta mengi ni miezi 12 au 24 yenye kikomo cha saa 1,000 au 2,000, tayari imeufunika ule upande wa kwanza, na imo ndani ya bei uliyolipa. Ile ya nyongeza unauziwa kitako cha karai, mahali ambapo kasoro ni chache kuliko popote. Ukifika upande wa pili, penye uchakavu, karatasi inakutoa nje.

Halafu yapo yale maneno madogo: "kipi kitangulie". Muda au saa, kipi kitangulie. Mtu anayelimia watu mashamba ya Mngeta hafanyi kazi kwa kalenda. Akipiga saa 10 kwa siku, katika siku 25 amefikisha saa 250, na miezi mitatu ya msimu inampa saa 900. Trekta lake likilima, likapiga haro, kisha likavuta tela la mpunga au la miwa, mwaka mmoja unatosha kumaliza saa ambazo muuzaji alizitaja kana kwamba ni miaka. Na mita ya saa ikifa asiitengeneze, hana cha kudai kabisa.

Nirudi kwenye vumbi, maana hapo ndipo hasara kubwa ilipo na ndipo watu hawataki kunisikiliza. Injini ya dizeli ya lita 2.5, kama ile ya Massey Ferguson 240, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta lita 2,500 za hewa kila dakika. Kwa saa moja ni lita 150,000. Kwa siku ya saa 10 ni lita milioni moja na nusu, na hewa hiyo inavutwa ukipiga haro, Novemba, udongo ukiwa mkavu na upepo ukikurudishia vumbi. Chembe za mchanga zilizomo ndani ya vumbi hilo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipita kwenye chujio, zinakwangua silinda na ringi pamoja. Trekta linaanza kula oili, linatoa moshi wa bluu, nguvu inapungua kwenye mlima mdogo, na dereva anasema "imechoka". Ina saa 700, imechoka na nini?

Zinapitaje? Wengi wetu tunazipitisha kwa mikono yetu. Dereva anatoa chujio la karatasi, analipiga kwenye tairi vumbi lidondoke, analirudisha. Kila pigo linakunja ukingo wa bati na kuchana karatasi mahali asipopaona. Mwingine analipuliza kwa kompresa ya kujazia upepo, akitokea nje kwenda ndani kwa nguvu yote, na vumbi linasukumwa kuelekea upande wa injini. Kwenye matrekta yenye bakuli la oili, bakuli linaachwa hadi tope linajaa nusu yake, kisha linajazwa oili chafu iliyomwagwa kutoka injini. Mpira wa kuunganisha bomba la hewa ukipasuka, unafungwa kwa kipande cha tyubu na waya. Yote haya hufanyika ndani ya waranti, karatasi ikiwa imetunzwa vizuri kabatini.

Siku ya kudai ikifika, fundi wa kampuni hana haja ya kubishana na wewe. Analegeza bomba la hewa baada ya chujio, anaingiza kitambaa cheupe, anafuta. Kikitoka na vumbi, dai limekwisha hapohapo kabla hata injini haijafunguliwa. Mwenye trekta anarudi nyumbani akisema kampuni ni ya wezi. Fundi alikuwa sahihi. Aliyekosea ni yule aliyemwambia kwamba amenunua kinga.

Maji yana hadithi yake. Ukivuruga tope kwenye majaruba ya Njage au Mkula, oil sili iliyochoka inaruhusu maji kuingia, na oili ya giaboksi inatoka nyeupe kama maziwa. Mabua na mbegu za nyasi huziba rejeta, injini inachemsha, silinda hedi inapinda. Dizeli ya kwenye madumu huja na maji na mchanga wake, pampu na nozeli zinaharibika. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo waranti ndefu italigusa.

Basi mtu ananijia na imani ya pili, ndogo: kwamba fundi wa mtaani akigusa boliti moja, waranti imekufa. Marekani, kwa magari na bidhaa nyingine za matumizi binafsi, walilimaliza hili kwa sheria tangu 1975: mtengenezaji hawezi kukufungia waranti kwenye vipuri au huduma yake ya kulipia. Afrika Kusini, miongozo ya Tume yao ya Ushindani iliyoanza kutumika Julai 1, 2021 inamruhusu mwenye gari kufanya huduma kwa fundi anayemtaka bila kupoteza waranti, na inataka bei ya kifurushi cha huduma ionyeshwe peke yake, isifichwe ndani ya bei ya gari. Hapa kwetu angalia mkataba wako unasemaje, na kama unakubana, mwambie muuzaji aandike kwa mkono wake kazi zipi fundi wako anaruhusiwa. Kubadilisha oili kwa oili sahihi na chujio sahihi, ukiwa na risiti ya EFD na tarehe na saa za mita, ni ushahidi. Oili ya "nipimie kwenye chupa" haina ushahidi wowote.

Kifurushi cha huduma ni habari nyingine, na hapo nina upole kidogo. Huduma yenyewe ni lazima, iwe umeilipia mbele au hukuilipia: ya kwanza kwenye saa 50, halafu kila saa 250 au kadiri kitabu cha mashine yako kinavyosema. Shida ni jinsi vifurushi vinavyoandikwa. Kingine kinasema "kila miezi mitatu". Tumekwisha kuona kwamba miezi mitatu ya mlimaji wa kukodishwa ni saa 900, yaani oili iliyopaswa kubadilishwa mara tatu itabadilishwa mara moja. Kingine kinalipa oili na kazi lakini nauli ya fundi ni juu yako, na fundi anatoka Dar es Salaam. Akifika Mikumi bado ana kilomita 100 na ushei hadi Ifakara, na Ifakara bado si shambani. Muulize muuzaji: Desemba, mvua imenyesha, trekta liko Utengule na barabara ni tope, nani anakuja, kwa gari gani, baada ya siku ngapi? Akijibu kwa tabasamu, hujajibiwa.

Lakini kuna watu ambao ningewaambia walipie bila kusita. Unaishi Dar es Salaam au Morogoro, trekta liko Chita au Mchombe mikononi mwa dereva, na hujawahi kujua dipstiki iko upande gani: lipia, mradi kifurushi kihesabiwe kwa saa. Unalipa jicho la mtu wa tatu ambaye hana sababu ya kukuficha. Mwenye mashine ya kuvunia mpunga naye afikirie, kwa sababu ina haidroliki na mikanda mingi, msimu wake ni mfupi, na siku ya kusimama Juni ni mpunga unaopukutika. Kikundi cha wakulima chenye viongozi wanaobadilika kila mwaka pia kinafaidika, kwani hela ya huduma ikilipwa mapema haiwezi kukopeshwa mtu.

Wengine wote, haraka haraka. Chukua waranti ya kiwandani, iache ya nyongeza. Dai huduma ya saa 50 iwe ya bure na iandikwe. Piga hesabu: oili, chujio la oili, la dizeli na la hewa kwa bei ya madukani Ifakara, jumlisha ufundi, zidisha kwa idadi ya huduma za saa zako halisi, kisha linganisha na bei ya kifurushi; kikizidi, acha. Nunua machujio ya msimu mzima Oktoba, wakati bado yapo. Lipige picha dashibodi kila huduma. Weka fedha pembeni kwa kila ekari unayolima, kwenye akaunti ambayo dereva na shemeji hawaijui. Bima kubwa ya gari inalipa ajali, moto na wizi, hailipi injini iliyochakaa. Na stika yoyote ya bima ihakiki kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA, kabla ya kulipa. Kwa trekta au gari lililotumika kutoka Japani, waranti ya maneno ya yadi usiihesabu hata shilingi. Lipa fundi akalisikilize injini ikiwa ya baridi. Bodaboda: soma kikomo cha kilomita kabla ya miezi. Na muuzaji akikuambia "inahusu kila kitu", mwambie aandike na kusaini, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza maelezo ya kupotosha wanunuzi, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC, na utapokelewa vizuri zaidi ukiwa na karatasi yenye saini yake kuliko ukiwa na kumbukumbu ya mazungumzo.