Gesi ya kiyoyozi haiishi, huvuja

Kaskazi ikianza kuchoma, Tiwi na Waa fundi huitwa "aongeze gesi". Mafundi wanisamehe, lakini gesi hiyo hailiwi kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba, kama ya friji. Ikipungua, pana tundu. Kwetu pwani mara nyingi ni chumvi ya bahari iliyokula mabomba ya kisanduku cha nje. Tundu litafutwe kwanza, ndipo ulipe gesi.

Kisanduku hicho kioshe mara kwa mara, umeme ukiwa umezimwa, kwa maji matamu, si ya kisima cha chumvi. Mabomba yakishaliwa sana, nunua kingine. Kisizidi chumba: kikubwa hupoza upesi, kikazima kabla hakijakausha unyevu, godoro likabaki na uvundo.