Chamburo, Nta na Vumbi la Mwanza

Sonara wa Mwanza anayetaka kufuma mkufu huanza na kijiti cha dhahabu kisichozidi kidole kwa urefu. Hakipigi nyundo hadi kiwe uzi, kwa sababu nyundo haitoi unene ulio sawa tangu mwanzo hata mwisho. Badala yake hukichonga ncha, akaipenyeza katika tundu la bamba gumu la chuma lililobanwa kwenye jiliwa, akaishika kwa koleo upande wa pili na kuvuta. Kikisha kupita hapo hukiingiza katika tundu dogo zaidi, kisha jingine, mpaka unene unaotakiwa upatikane. Bamba hilo lina jina la Kiswahili, chamburo, ambalo kamusi za zamani zinalo ingawa madarasani halisikiki.

Kazi ya waya si ngeni katika mwambao wa Ziwa Viktoria. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ilibeba nguo, shanga na masango, yaani waya nene ya shaba. Na John Hanning Speke, aliyeliona ziwa karibu na mji wa leo wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, alisafiri na mizigo ya namna hiyo hiyo. Wahunzi wa bara waliivuta waya hiyo ikawa nyembamba, ikazungushwa mikononi na miguuni kuwa pambo.

Yafaa kuuliza kwa nini matundu yawe mengi. Waya iliyokwisha kupita tunduni ni nyembamba kuliko ile inayongoja, na ndiyo inayobeba nguvu yote ya mkono. Nguvu hiyo ikizidi uwezo wake, hukatika. Hata pasingekuwa na msuguano wowote, na hata kama metali isingekakamaa kwa kuvutwa, hesabu ya logarithi asilia yaonyesha kwamba tundu moja lisingeweza kupunguza eneo la mkato kwa zaidi ya asilimia 63. Katika kazi halisi fundi mwenye busara hupunguza asilimia 20 hivi kila mara. Mwanafunzi na apige hesabu: kijiti chenye kipenyo cha milimita 3 kikivutwa hadi milimita 1, eneo lake la mkato hubaki sehemu moja ya tisa, na urefu wake huongezeka mara 9. Kwa kupunguza asilimia 20 kila hatua, yatahitajika matundu 10. Njiani humo metali hukakamaa, nayo lazima ipashwe moto ili ilainike tena.

Msuguano ndio unaokula tofauti iliyopo kati ya 63 na 20, pamoja na hadhari ya fundi. Ndipo haja ya kilainishi inapoingia, na ndipo makosa mengi yanapofanyika, kwa kuwa watu hudhani kila kinachoteleza kwenye vidole kitateleza pia tunduni. Maji huteleza, lakini shinikizo la tunduni huyafukuza mara moja, na metali ikagusana na metali. Mafuta ya asili ya wanyama na mimea hushinda kwa sababu ndani yake mna asidi za mafuta, ambazo molekuli zake ni ndefu. Asidi ya steariki, kwa mfano, ina atomi 18 za kaboni zilizopangana kama mkia, na kichwa kinachopenda kushikamana na metali. Vichwa hung'ang'ania juu ya shaba au chuma, mikia ikasimama kama nywele za brashi. Mafuta ya taa na mafuta mengine ya petroli hayana kichwa hicho.

Hata hivyo dhahabu ina ukaidi wake. Bowden na Tabor wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba asidi za mafuta hulainisha vizuri zile metali ambazo hufanya nazo sabuni, kama shaba na zinki, lakini huwa dhaifu juu ya metali zisizotaka kuungana na kitu. Sonara apakaye nta ya nyuki anafanya jambo la maana: nta ni nzito, nayo hujenga utando mnene usiotegemea kemia peke yake.

Kwa waya ya shaba au chuma uchaguzi ni mpana zaidi, na Kanda ya Ziwa haikunyimwa. Mafuta ya mbegu za pamba yanapatikana kwa urahisi Usukumani, lakini karibu nusu ya asidi zake ni linoleiki, ambayo hushambuliwa na oksijeni ya hewani. Yakiachwa tunduni wiki kadhaa hugeuka gundi. Mafuta ya mbarika ni mazito na hayagandi hivyo, na pengine ndiyo bora kwa karakana ya shule. Samli hufaa ikiwa mbichi. Ikichacha hutoa asidi huru zinazoitia shaba rangi ya kijani. Viwanda vya waya za chuma hutumia unga mkavu wa sabuni, ila sabuni hunyonya unyevu, na chamburo lililoachwa nayo usiku kucha kando ya ziwa laweza kuamka na kutu.

Kanuni hizi hutawala pia maganda ya risasi. Kiwandani ganda huvutwa kutoka kisahani cha shaba ya njano, yenye shaba asilimia 70 na zinki 30. Wapiga shabaha wa Ulaya na Marekani, ambao sheria zao zawaruhusu kuyajaza upya, hulisukuma ganda lililotumika ndani ya kalibu ili lirudie kipimo chake, na baadhi yao hupaka lanolini, nta itokayo katika sufu ya kondoo. Pasipo kilainishi ganda hung'ang'ania ndani. Kikizidi, tone lililonaswa halina pa kwenda, na kwa kuwa kimiminika hakisinyai, huibonyeza shaba na kuiachia kovu.

Adui mkubwa wa chamburo mjini Mwanza, hata hivyo, yuko hewani. Mawe ya matale yaliyoupa mji huo sura yake yana kwatzi, ambayo ugumu wake ni 7 katika kipimo cha Mohs, sawa na chuma kilichokazwa au kukizidi. Kopo la mafuta lililoachwa wazi hukusanya vumbi hilo, na kila mvuto huwa kama kupiga msasa ndani ya tundu. Dalili ya kwanza huonekana juu ya waya: mstari mwembamba unaofuata urefu wake. Anayeuona na aache kuvuta, alisafishe tundu kwa kijiti laini na kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, kisha amwage mafuta ya zamani. Tundu lililopanuka silo la kutupwa. Husafishwa kwa unga wa kung'arishia na kuandikwa kipimo kikubwa zaidi. Na kabla ya kupasha waya moto, mafuta yote yafutwe, maana yakiungua huacha masizi magumu, nayo yatarudi tunduni katika mvuto unaofuata.

Mwalimu mwenye bamba la chuma lenye matundu na mizani ya springi aweza kupima nguvu ya kuvuta waya laini ya kufungia nondo: kavu, kwa maji, kwa sabuni, kisha kwa mafuta ya mbarika. Wanafunzi wasimame kando, si mbele, kwa sababu waya ikikatika hurudi kama mjeledi.