Je, Wajua? Namba kubwa kwenye boksi la UPS si wati

UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika) iliyoandikwa 650 VA mara nyingi hubeba wati 400 au pungufu. VA ni volti mara ampea. Wati ndiyo nguvu inayotumika kweli. Jumlisha wati za kompyuta na skrini, kisha ongeza robo kabla ya kununua. Printa ya leza usiichomeke upande wa betri: inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo.

Na kama unatumia pia ekstensheni yenye kinga, jua kuwa huchakaa. Varista zilizomo ndani hudhoofika kila zinapomeza umeme uliopanda ghafla. Taa ya kinga ikizimika, soketi zinaweza kuendelea kutoa umeme kama kawaida, lakini kinga imekwisha: nunua nyingine.