Ada ya Gari Langoni mwa Hifadhi: Nani Huipanga, na Pesa Huenda Wapi

Kuna ndege mdogo wa rangi ya udongo ambaye duniani kote anapatikana Kenya pekee, na humu nchini anajulikana katika maeneo mawili tu: jangwa la Dida Galgalu katika Kaunti ya Marsabit, na nyika ya mawe meusi iliyo kati ya Isiolo na Garba Tula, ikiwemo Hifadhi ya Kitaifa ya Shaba. Wataalamu humwita kipozamataza wa Williams. Si ndege wa kuvutia macho. Asiyemtafuta anaweza kumpita akidhani ni jiwe. Hata hivyo, wapo watu wanaopanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kumwona yeye, na wakishamwona huhesabu safari yao kuwa imefaulu.

Mkazi wa Ngare Mara au Bulapesa anayetaka kumwona ndege huyo ndani ya Shaba huanzia mahali pale pale wanapoanzia wageni hao, yaani kwenye kizuizi cha lango. Ataombwa kitambulisho, ataulizwa idadi ya watu waliomo garini, kisha ataulizwa gari lina viti vingapi. Swali hilo la mwisho ndilo linalozua manung'uniko. Kila aliyemo ndani ameshalipa kiingilio chake, kwa nini gari nalo lilipiwe? Na kama gari hilo asubuhi lilikuwa limeegeshwa mjini Isiolo na kulipiwa maegesho huko, mwenyewe huona kuwa ametozwa mara tatu na kaunti moja kwa siku moja.

Lalamiko hilo si la Isiolo peke yake. Watazamaji wa ndege kila mahali hulalamikia gharama za gari kuliko wageni wengine, na wana sababu. Anayekuja kuona simba au tembo aweza kuzunguka saa mbili, akapiga picha na kuondoka. Mtazamaji wa ndege hukaa. Ndege wengi huonekana vizuri katika saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza na tena jioni joto linapopungua; mchana katika nyika ya Shaba hata mbuni hutafuta kivuli. Kwa hiyo mtu huyu anahitaji alfajiri na jioni, na gari lake hukaa ndani siku nzima likiwa limesimama chini ya mgunga.

Kabla ya kuangalia ada yenyewe, inafaa kujua lango ni la nani. Watu wengi huchanganya mbuga ya kitaifa na hifadhi ya kitaifa. Mbuga, kama ile ya Meru iliyo jirani na Kinna, husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na pesa za langoni huenda kwa serikali kuu. Hifadhi za kitaifa za Shaba, Buffalo Springs na Bisanadi ni za Kaunti ya Isiolo. Kabla ya ugatuzi wa mwaka 2013 zilikuwa chini ya lililokuwa Baraza la Kaunti ya Isiolo. Shaba ina ukubwa wa kilomita mraba 239 na Buffalo Springs 131. Ng'ambo ya mto Ewaso Nyiro kutoka Buffalo Springs ni Hifadhi ya Samburu, ambayo ni ya Kaunti ya Samburu. Ndiyo maana anayekusudia kuvuka mto aulize mapema kama tikiti yake itakubaliwa upande wa pili. Hizo ni kaunti mbili zenye hazina mbili.

Sasa ada. Katiba, katika kifungu cha 209, inaruhusu serikali za kaunti kutoza malipo kwa huduma zinazotoa. Maegesho ya mijini, mbuga na utalii wa ndani yametajwa katika Jedwali la Nne kuwa kazi za kaunti. Lakini kifungu cha 210 kinaweka mpaka: kodi au ada ya leseni haiwezi kuwekwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa sheria. Kwa lugha ya langoni, maana yake ni kwamba kiasi unachoombwa hakitoki kichwani mwa karani, na karani hana mamlaka ya kukupunguzia kwa sababu mnafahamiana. Kinatoka katika Sheria ya Fedha ya Kaunti, iliyopitishwa na Bunge la Kaunti, na kimeandikwa katika jedwali lililoambatanishwa na sheria hiyo: kiasi cha mtu mzima, cha mtoto, cha raia, cha mgeni, na cha gari. Ada za maegesho ya mjini nazo zinatakiwa ziwe humo humo.

Hoja ya kulipisha gari kando ni kwamba gari na abiria hawatumii kitu kimoja. Abiria hulipia kuingia na ulinzi wa wanyama. Gari huchimba barabara. Basi la viti arobaini huacha alama ambayo gari dogo haliachi, hasa katika udongo wa Shaba mvua inaponyesha, na hiyo ndiyo sababu ya kuulizwa viti. Hoja hii ina mantiki, lakini inabeba deni ndani yake: ikiwa gari linalipia barabara, barabara ionekane. Mkazi anayeingia hifadhini akakuta makorongo yale yale ya mwaka uliopita ana haki ya kuuliza.

Na jibu la swali lake halianzii langoni. Pesa inayokusanywa haibaki pale ili ijaze korongo kesho yake. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato ya kaunti yaingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, na hayawezi kutolewa bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, ambaye ni afisa huru wa kitaifa. Yakishaingia humo, shilingi ya lango la Ngare Mara huchanganyika na shilingi ya maegesho na ya kibali cha biashara. Inarudi hifadhini ikiwa tu bajeti iliyopitishwa na Bunge la Kaunti imetenga fedha za barabara za hifadhi, mishahara ya walinzi au mafuta ya magari ya doria. Utaratibu huu uliwekwa ili mkusanyaji asiwe ndiye mtumiaji. Ubaya wake ni kwamba mlipaji haoni uhusiano wa risiti yake na kazi iliyofanyika, na pale uhusiano usipoonekana, kila ada hufanana na unyang'anyi.

Pwani kuna mahali ambapo uhusiano huo umewekwa wazi kabisa. Kule Mida, karibu na Watamu katika Kaunti ya Kilifi, pana daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege wa ufukweni, wakiwemo wanaofika kila mwaka kutoka Ulaya na Asia. Wageni hulipa kuingia darajani. Shirika la A Rocha Kenya hutumia mapato hayo kuwalipia karo ya sekondari wanafunzi wanaotoka kwenye jamii zinazozunguka hori la Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mzazi wa Mida anajua mgeni mwenye darubini ana faida gani kwake, kwa hiyo anajua pia kwa nini mkoko usikatwe. Daraja la shirika moja haliwezi kulinganishwa moja kwa moja na hifadhi ya umma inayofuata sheria ya fedha. Lakini hakuna sheria inayozuia kaunti kubandika langoni, kila mwaka, karatasi moja inayosema kiasi gani kilikusanywa hapa na kiasi gani kilirudi hapa.

Kwa sasa, mlipaji ana mambo machache yaliyo mikononi mwake. Raia aje na kitambulisho cha taifa, kwa sababu bei ya raia ni ya chini kuliko ya mgeni, na bila kitambulisho karani hana namna ya kuithibitisha. Asilipe kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, awe langoni au mtaani. Asiondoke bila risiti, na risiti hiyo ionyeshe ada ya watu na ada ya gari, kila moja peke yake. Mtazamaji wa ndege aulize jambo moja zaidi: tikiti inaisha saa ngapi? Anayetaka jioni moja na alfajiri inayofuata anaweza kujikuta amelipa mara mbili kwa sababu tu hakuuliza saa ya kuanza na kumalizika. Hali ni hiyo hiyo mjini. Kabla ya kuzozana na askari wa kanjo, uliza tikiti ya maegesho inakufikisha hadi saa ngapi, na kama inatambulika katika mtaa mwingine siku hiyo hiyo.

Anayeona ametozwa zaidi ya kilicho kwenye jedwali anaweza kudai kuliona jedwali lenyewe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la habari ndani ya siku 21. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na mtu asiyejua kuandika anaweza kulisema kwa mdomo, afisa akaliandika. Asipojibiwa, anaweza kufika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama ofisi ya Ombudsman.

Lakini mwenye lalamiko kuhusu bei yenyewe, kwamba ada ya gari imezidi uwezo wa mwalimu anayetaka kuwapeleka wanafunzi wake Buffalo Springs, akibishana langoni anapoteza asubuhi yake tu. Bei hupangwa kwingine. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mswada wa Fedha, ule wenye jedwali la ada, unatakiwa uidhinishwe ndani ya siku 90 baada ya kupitishwa kwa sheria ya matumizi. Katika miezi hiyo ndipo matangazo ya vikao vya kushirikisha umma hutolewa, na ndipo watu huwa wachache kuliko viti.

Kushirikisha umma si hisani. Mwezi Aprili 2014, Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ada zote zilizotegemea sheria hiyo zikayumba. Na nje ya msimu wa bajeti, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kuwasilisha ombi katika Bunge la Kaunti, likiwemo ombi la kurekebisha sheria. Shule inaweza kufanya hivyo. Kikundi cha vijana wanaoongoza wageni kinaweza. Ombi la ada nafuu kwa mabasi ya shule, au la tikiti itakayomfaa anayetaka jioni na alfajiri tu, lina nafasi kubwa zaidi likifika kwa maandishi kupitia Mwakilishi Wadi kuliko likipigiwa kelele kwenye kizuizi.

Jambo hili linahusu zaidi ya shilingi za gari. Watu wa eneo hili wameishi na ndege bila tikiti tangu zamani, na elimu yao imetambuliwa duniani. Mwaka 1989 mtafiti Hussein Adan Isack wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, pamoja na mwenzake H.-U. Reyer, walichapisha katika jarida la Science utafiti kuhusu Waborana wa kaskazini mwa Kenya na mlembe, yule ndege anayeongoza watu hadi kwenye nyuki. Walipima muda. Bila ndege, mtafuta asali alihitaji wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja. Akiongozwa na mlembe, saa 3.2. Waborana walimwita ndege huyo kwa mluzi mkali waliopuliza kwa viganja vilivyofumbatwa, kwa koa za konokono au kwa kokwa za mkoma. Ujuzi wa aina hiyo haurithiwi na mtoto ambaye hifadhi ya nyumbani kwao anaifahamu kwa kupitia uzio tu. Akikua, kazi ya kuwaonyesha wageni kipozamataza itafanywa na kiongozi aliyetoka Nairobi.

Si lazima mtu asubiri sheria ibadilike ndipo aanze. Mgunga ulio nje ya nyumba mjini Isiolo una viota vya kwera, na kwenzi wa kijani na bluu hula makombo mlangoni. Kando ya barabara ya kwenda Garba Tula, asubuhi, wapo hondohondo, na ukibahatika utamwona mbuni wa Kisomali, guchi kwa Kiborana, mwenye shingo ya rangi ya samawati-kijivu tofauti na yule wa kusini mwenye shingo ya waridi. Hao wote hawana lango. Kuanzia Oktoba hadi Aprili huongezeka ndege wahamao wanaokimbia baridi ya kaskazini. Siku ya Ndege Wahamao Duniani huadhimishwa mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Ile ya Mei huangukia katika miezi ile ile ambayo Bunge la Kaunti huwa na makadirio ya bajeti mezani.