Mbona Usiijaze Laptopu Hadi 100%

Uko dukani jioni, unalipa wafanyakazi kupitia laptopu. Stima inapotea, nayo inazimika papo hapo, malipo yakiwa katikati. Betri imechoka!

Betri za lithiamu huchakaa haraka zikikaa zimejaa 100% siku nzima, hasa kwenye joto. Kama laptopu yako haitoki kwenye soketi, iwekee kikomo cha 80%. Kwa ASUS, tafuta mpangilio huo kwenye programu ya MyASUS. Kwa Lenovo, fungua Lenovo Vantage. Ukiwa na safari, ondoa kikomo ujaze kabisa.

Na ikizimika ukituma pesa? Usikimbilie kutuma tena. Angalia kwanza taarifa ya akaunti, usije ukalipa mtu mara mbili.