Mabuyu matamu bila rangi za viwandani: Namna ya kuyapika nyumbani

MABUYU ni miongoni mwa vitamutamu vinavyopendwa mno na watoto katika mwambao wa Pwani, na kwa miaka mingi sasa yamepata wapenzi hadi Nairobi na miji mingine ya bara.

Mtoto aliyetoka kula mabuyu hahitaji kuulizwa. Ulimi, midomo na vidole vyake huwa vyekundu mithili ya damu, na mara nyingine hata sare ya shule hubaki na doa lisilotoka kwa sabuni.

Wekundu huo ndio huwatia wazazi wengi wasiwasi. Tunda la mbuyu kiasili halina rangi hiyo. Nyama yake kavu ni nyeupe inayokaribia rangi ya maziwa. Wekundu huongezwa na mpishi, na pakiti nyingi zinazouzwa vichochoroni na nje ya malango ya shule hazina maelezo yoyote kuhusu aina ya rangi iliyotumika wala kiasi chake.

Suala la rangi za chakula limeshughulisha wataalamu kwa muda mrefu. Tangu Julai 2010, nchi za Umoja wa Ulaya zinahitaji vyakula vyenye rangi sita maalumu za viwandani viwe na onyo kwamba huenda zikaathiri utulivu na umakinifu wa watoto. Nchini Marekani, Januari 2025, serikali ilitangaza kuondolewa kwa rangi moja nyekundu katika orodha ya zile zinazoruhusiwa kutumika katika vyakula.

Haya hayamaanishi kwamba kila rangi ni sumu. Tatizo ni kuwa mnunuzi wa pakiti isiyo na maelezo hana namna ya kujua anachompa mwanawe. Suluhisho rahisi ni kuyapika nyumbani, kazi isiyochukua hata saa moja.

Mahitaji ni vikombe vinne vya mabuyu yaliyokwisha kubanguliwa, vikombe viwili vya sukari, kiganja kimoja cha maua makavu ya rosela, kijiko kidogo cha iliki iliyosagwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi na pilipili ya unga kwa kadiri ya mapendeleo. Wapendao harufu nzuri zaidi huongeza matone machache ya arki ya vanila.

Hatua ya kwanza ni kuyachambua mabuyu. Ondoa nyuzi na vipande vya ganda, kisha uyapepete polepole juu ya sinia safi. Unga mweupe utakaodondoka usitupwe. Weka kando robo kikombe chake. Mabuyu hayaoshwi, kwa kuwa nyama yake huyeyuka majini na kuacha mbegu tupu.

Pili, tayarisha rangi. Mimina vikombe viwili vya maji moto juu ya maua ya rosela, funika kwa dakika kumi, kisha chuja. Pima kikombe kimoja na nusu cha maji hayo mekundu.

Rosela inafaa kwa sababu rangi yake huzidi kuwa nyekundu inapokutana na kitu kichachu, na ubuyu una uchachu mwingi. Maji ya kiazisukari pia hutumika, ila rangi yake hufifia inapokaa motoni kwa muda mrefu. Kwa vyovyote vile, mabuyu haya hayatang'aa kama yale ya dukani. Yatakuwa na wekundu wa kukolea unaokaribia zambarau, na mtoto afaa aelezwe mapema asije akayakataa.

Tatu, bandika sufuria pana yenye maji hayo, sukari na chumvi. Chemsha bila kukoroga sana hadi shira iwe nzito. Ili kuipima, dondosha tone moja juu ya kijiko baridi, liache lipoe, kisha lishike kwa vidole viwili na uvitenganishe. Likivutika kama uzi mwembamba, shira imeiva.

Hapo punguza moto, tia iliki na pilipili, kisha mimina mabuyu yote na ugeuze kwa mwiko bila kupumzika. Maji yanayosalia yatakauka na sukari itaganda juu ya kila mbegu.

Wengi hukosea katika hatua hii. Anayeepua mapema hubaki na mabuyu yanayonata kama gundi, naye anayechelewa huunguza sukari ikawa chungu. Dalili ya kuepua ni shira kuisha chini ya sufuria na mbegu kuanza kuachana.

Epua, tia arki, kisha nyunyiza ule unga uliowekwa kando. Unga huo hufyonza unyevu uliobaki na kurejesha ladha ya uchachu. Tandaza mabuyu juu ya sinia hadi yapoe kabisa kabla ya kuyatia katika chupa kavu yenye kifuniko. Yakifungwa yangali moto, mvuke utayalowesha.

Ubuyu una vitamini C kwa wingi, lakini sehemu ya vitamini hiyo hupotea motoni. Kwa hivyo, familia inayotaka manufaa zaidi yaweza kutengeneza barafu. Roweka kikombe kimoja cha mabuyu katika vikombe vitatu vya maji safi ya kunywa kwa nusu saa, vuruga, chuja, tia sukari kidogo na tui la nazi lililochemshwa likapoa, kisha gandisha katika vikombe vidogo.

Tahadhari mbili ni muhimu. Watoto wachanga wasipewe mabuyu yenye mbegu kwani yanaweza kuwakaba koo. Hao barafu inawatosha. Aidha, kumumunya sukari na uchachu kwa muda mrefu huharibu meno, kwa hivyo kiasi kidogo baada ya chakula, kisha kusukutua kwa maji, ni bora kuliko kushinda na pakiti mfukoni.

Kuna faida nyingine isiyoonekana sufuriani. Mibuyu humea katika maeneo makavu ya Kilifi, Kwale, Taita Taveta, Makueni na Kitui, ambako mahindi mara nyingi hukauka kwa ukame. Mnamo 2022, kung'olewa kwa mibuyu mikubwa Kilifi ili isafirishwe hadi Georgia kulizua malalamiko makubwa, na serikali ikaagiza uchunguzi.

Mti unaouzwa ukiwa mzima humpa mwenyewe pesa mara moja tu, ilhali unaochumwa matunda huweza kulisha vizazi kadhaa. Jamaa zinazonunua mabuyu ghafi kutoka kwa wakulima na kuyapika zenyewe huupa mti huo sababu ya kuachwa umesimama.

Kwa mama au kijana anayetaka kuanza biashara ndogo, sufuria moja ya mabuyu safi yenye maelezo ya viungo vyake ni mwanzo mzuri. Hata mbuyu nao ulianza kama mchicha.